Kabla Hujalinganisha Lugha ya Siasa ya Kwetu na ya Kwao

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa la maneno mawili tu, siasa safi. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Dodoma, nikilinganisha lugha ya viongozi wa Tanzania na ile ya viongozi wa Uingereza, na katika sura ya pili ya tasnifu yangu nilinukuu ile sehemu maarufu ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 inayosema kwamba ili tuendelee tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Juu ya maneno hayo nilijenga hoja ya kurasa 11 kwamba Waswahili huiona siasa kama nguo, yaani kitu kinachochafuka na kufuliwa, ilhali Waingereza huiona kama mchezo wenye refa na kanuni zake. Msimamizi wangu alizisoma kurasa zote, akapiga mstari mmoja chini ya neno siasa, na pembeni akaandika kwa penseli: "Mwaka 1967 neno hili lilimaanisha nini?"

Nilikwenda kulitafuta toleo la Kiingereza la Azimio lile lile. Pale ambapo Kiswahili kinasema siasa safi, Kiingereza kinasema sera nzuri, basi. Nikarudi kwenye kichwa cha Azimio lenyewe, nikaona kwamba linajitambulisha kuwa ni siasa ya TANU, chama kilichotawala wakati huo, juu ya ujamaa na kujitegemea, na siasa hiyo ndiyo ambayo leo tungeiita sera. Mwaka 1972, chama kilipotoka Iringa na kauli ya "Siasa ni Kilimo", hakuna mkulima aliyeelewa kwamba majukwaa ya kampeni yanahamia shambani. Alielewa kwamba chama kimetoa mwelekeo wake kuhusu kilimo. Neno sera lilikuja baadaye kuishika nafasi hiyo, nalo neno siasa likabaki na majukwaa, wagombea, na ile dharau ya "hizo ni siasa tu" tunayoisikia kila siku kwenye daladala. Nilikuwa nimeisoma sentensi ya mwaka 1967 kwa sikio lililokulia kwenye kampeni za vyama vingi. Bado naamini hoja yangu haikuwa ya kipuuzi kabisa, kwa kuwa neno safi limo mle ndani na mwandishi angeweza kuchagua neno nzuri akaacha kufua. Lakini hoja iliyosimama juu ya neno ambalo mtafiti hakulisoma kwa maana ya wakati wake haiwezi kutetewa mbele ya jopo, na yangu haikutetewa.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu tangu hapo nimekuwa nikisoma kazi za vijana wanaotaka kufuata njia hiyo hiyo, na karibu wote huanza na mada yenye upana wa bara zima, kama vile ulinganishi wa lugha ya siasa Afrika na Ulaya, wakiwa na orodha ya maneno upande huu na orodha ya maneno upande ule. Ushauri ninaowapa ni mmoja, na mengine yote katika makala haya ni matawi yake: neno la siasa halilinganishwi na mwenzake wa kwenye kamusi, bali kazi linayoifanya ndiyo hulinganishwa na kazi ya aina hiyo inayofanywa kwingine, labda kwa neno tofauti kabisa, labda kwa kiambishi, labda kwa kunyamaza. Kazi hiyo huwezi kuijua mpaka ujue neno lilitumika mwaka gani, mahali gani, na nani alikuwa anasikiliza.

Chukua neno siasa lenyewe. Lilitufikia kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake una undugu na kazi ya kutunza na kufundisha farasi, kama ambavyo neno raia limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya kundi linalochungwa. Kwa sisi tuliokulia nyuma ya ng'ombe katika wilaya ya Chamwino, habari hiyo inachekesha kidogo, ingawa hakuna mpiga kura anayeikumbuka anapoyatamka maneno hayo, na kwa hiyo haifai kuwa msingi wa hoja yoyote kuhusu Watanzania wa leo. Asili ya neno ni jambo moja, kazi yake ya sasa ni jambo lingine. Mfaransa au Mjerumani, kwa mfano, asingejikwaa pale nilipojikwaa mimi, kwa sababu politique ya Kifaransa na Politik ya Kijerumani hubeba hadi leo mizigo yote miwili, wa siasa na wa sera, kama neno letu lilivyoibeba zamani.

Mfano ulionifundisha zaidi ni mapinduzi. Kiswahili hulitumia neno hili kwa tukio la Zanzibar la tarehe 12 Januari 1964, ambalo katika hotuba rasmi huitwa Mapinduzi Matukufu, na hulitumia pia redioni wanajeshi wanapomwondoa rais wa nchi fulani usiku. Kiingereza kina maneno mawili kwa mambo hayo mawili. Kiarabu nacho kina mawili: thawra, ambalo hubeba heshima, na inqilab, ambalo ni la wanajeshi wa usiku. Hapo ungeweza kuandika kwamba Waarabu wanatofautisha na Waswahili hawatofautishi, ukaridhika. Hata hivyo neno hilo hilo inqilab, ambalo mzizi wake ni wa kugeuza na kupindua kama wa kwetu, lilivuka likaingia katika Kiajemi na Kiurdu, na huko likawa neno la heshima: mabadiliko ya Iran ya mwaka 1979 huitwa kwa jina hilo, na wapigania uhuru wa India walipiga mbiu ya "Inquilab Zindabad" dhidi ya Waingereza. Neno ni lile lile, huku ni shutuma na kule ni fahari. Nasi tunatofautisha, ila hatutofautishi kwa neno lenyewe, tunatofautisha kwa majirani zake: matukufu upande mmoja, ya kijeshi upande wa pili. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wasikusanye maneno pekee. Wakusanye neno pamoja na maneno manne au matano yaliyokaa kushoto na kulia kwake, kwani hukumu ya jamii imelala humo.

Kosa langu la pili lilinigharimu miezi mitatu, na nalikumbuka kwa uchungu zaidi.

Katika vitabu vya Kiingereza nilikuwa nimesoma kwamba wanasiasa hupenda kujificha nyuma ya kauli ya kutendwa, na mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Rais Ronald Reagan wa Marekani, ambaye katika hotuba yake ya hali ya taifa ya mwaka 1987, akigusia sakata la silaha zilizouzwa Iran, alisema kwamba makosa makubwa yalifanywa, bila kusema na nani. Nikauchukua ujuzi huo kama mtu anayeazima jembe, nikaja nalo kwenye Taarifa Rasmi za Bunge letu, nikaanza kuhesabu vitenzi vyenye kiambishi cha kutendwa katika majibu ya maswali. Nilivipata vichache kuliko nilivyotarajia. Nikahitimisha, tena kwa fahari, kwamba viongozi wa Tanzania hubeba wajibu wao waziwazi kuliko wa Marekani, na nilifurahi kiasi cha kumsimulia mama yangu, ambaye aliniangalia tu akaendelea kuchambua mlenda.

Jioni moja nilikuwa nasonga ugali huku redio ikirusha kikao, nikasikia jibu lenye maneno "kutokana na changamoto zilizojitokeza, kazi hiyo haikukamilika kwa wakati". Niliuacha mwiko. Katika sentensi ile hapakuwa na kauli ya kutendwa hata moja, wala hapakuwa na mtu aliyefanya kitu chochote. Kazi haikukamilika, yenyewe. Changamoto zilijitokeza, zenyewe, kwa kiambishi cha kujirejea, kana kwamba zilivaa viatu zikatoka nyumbani kwa hiari yao. Nilikuwa nimetafuta maficho ya Waingereza katika nyumba ya Waswahili, kumbe Waswahili tuna maficho yetu, na ni bora zaidi.

Maficho hayo ni kauli ya kutendeka. Ukisema fedha ziliibwa, sikio la msikilizaji hubaki likisubiri, kwa sababu sarufi yetu imeacha kiti wazi kwa ajili ya mwizi: ziliibwa na nani? Ukisema fedha zilipotea, hakuna kiti. Ukisema makosa yalifanywa, bado mtu anaweza kukuuliza na nani. Ukisema makosa yalifanyika, swali la na nani halikai vizuri kwenye sentensi hata ukilisukuma. Mzungumzaji wa Kiswahili, kwa hiyo, hahitaji kumficha mtendaji, kwa kuwa lugha inampa njia ya kusema jambo lote bila mtendaji kuwahi kualikwa. Neno changamoto nalo lina historia yake, kwani limetokana na kuchangamka na kwa asili ni kitu kinachomwamsha mtu na kumtia ari, ila leo limekuwa kifuniko cha njaa, uhaba, uzembe na wizi kwa pamoja. Kiingereza cha ofisini kimepita njia hiyo hiyo, kikaliweka neno lake la changamoto mahali pa neno tatizo, na nadhani mkondo huo ulitufikia kupitia ripoti za miradi.

Nilipoanza kuhesabu upya nikiwa natafuta kazi badala ya umbo, picha iligeuka kabisa, na sura ile ya fahari ikaingia kwenye kapu la taka. Kisha nikafanya kinyume chake, jambo ambalo wanafunzi wengi huliruka: nikauchukua ujuzi wa kwetu nikaupeleka kwao. Kiingereza nacho kina sentensi zisizo na kiti cha mtendaji, kama pale gazeti linapoandika kwamba mazungumzo yamevunjika au bei zimepanda, na watafiti walioshughulika na kauli ya kutendwa peke yake hupita juu ya sentensi hizo bila kuziona. Ulinganishi mzuri humrudishia yule uliyeazima kwake kitu ambacho hakuwa nacho.

Kwa wanaotumia kompyuta, programu ya AntConc ya Laurence Anthony, ya kutafuta na kuhesabu maneno katika matini, hupatikana bila malipo na inatosha kabisa kwa kazi ya shahada. Tahadhari yangu ni kwamba Kiswahili huvaa viambishi mbele na nyuma, hivyo ukitafuta endelea bila alama ya nyota, inayosimama badala ya herufi zozote, pande zote mbili utakosa inaendelea, tutaendelea na zilizoendelea, na hata ukiweka nyota bado utakosa maendeleo, ambayo kwenye siasa yetu ni jamaa wa karibu asiyepaswa kuachwa. Kwa kauli ya kutendeka hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ukitafuta maneno yanayoishia na -ika programu itakuletea fanyika na tumika pamoja na andika, shika, pika na fika, na hakuna ujanja wa kuzitenganisha isipokuwa kusoma kwa macho yako mstari kwa mstari. Mimi nilisoma. Ni kazi ya kuchosha, na ni humo katika kuchoka ndimo nilimoanza kuona mambo.

Mojawapo ya mambo hayo ni kwamba nilikuwa nimeyafuta maneno "Mheshimiwa Spika" katika matini yote, kwa kuwa yalijitokeza mno na kuharibu hesabu zangu. Baadaye nilipolinganisha maandishi na sauti, nilibaini kwamba baadhi ya wasemaji huyarudia maneno hayo kama nukta ya kuvutia pumzi, na wengine huyarudia kwa kasi zaidi wanapokasirika, kwa maana heshima kwa Spika ndiyo njia iliyoruhusiwa ya kumwambia mbunge mwenzako jambo ambalo huwezi kumwambia ana kwa ana. Desturi hiyo tumeirithi Uingereza, ambako mbunge huzungumza na Spika na kumtaja mwenzake kama mtu wa tatu mheshimiwa, na ambako kumwita mwenzako mwongo ni marufuku hata kama ni kweli. Ndiyo sababu Winston Churchill mwaka 1906 alitumia maneno mazito yenye maana ya kutokuwa sahihi kwa istilahi, na maneno hayo yamebaki mpaka leo kama kichekesho cha kumtaja mwongo bila kumtaja. Umbo tumelirithi. Ila kazi ya umbo hilo ndani ya jengo lile la Dodoma, ambamo heshima kwa mkubwa ina mizizi mingine kabisa, si lazima iwe ile ile ya London, na hapo ndipo penye tasnifu nzuri ambayo sijaona mtu akiiandika.

Usiamini sana taarifa rasmi za mabunge bila kusikiliza sauti. Jina Hansard, ambalo nasi tunalitumia, ni la mchapaji wa London wa karne ya 19, na taarifa ya bunge la kule hujieleza yenyewe kwamba huondoa marudio na kurekebisha makosa yaliyo dhahiri. Kwa hiyo, mtafiti anayechunguza kigugumizi, kusita au kurudia, hana anachokitafuta mle. Taarifa za kwetu zina utajiri wake: huandika makofi na kicheko ndani ya mabano, na makofi hayo ni data. Katika Bunge la Uingereza kupiga makofi hakuruhusiwi kwa desturi, na mwaka 2015 Spika aliwakanya wabunge wapya wa chama cha Scotland waliopiga. Ukihesabu makofi ya Dodoma ukalinganisha na kimya cha London, ukaandika kwamba Waingereza hawashangilii, utakuwa umelinganisha kanuni za ukumbi ukidhani umelinganisha mioyo ya watu.

Jambo ambalo ningependa vijana wengi zaidi walifanyie kazi ni kiambishi kidogo tu-. Kiindonesia kina maneno mawili ya sisi: kita, ambalo linamjumuisha msikilizaji, na kami, ambalo linamwacha nje. Tok Pisin ya Papua New Guinea nayo hutofautisha yumi na mipela kwa namna hiyo hiyo. Mwanasiasa wa Jakarta anaposema tumejenga barabara, sarufi inamlazimisha kuamua kama wananchi wamo katika huyo aliyejenga. Wa kwetu halazimishwi. Msikilize kwa makini mzungumzaji yeyote hodari wa mkutano wa hadhara, wa chama chochote: tumechimba visima, tumeleta umeme, tumejenga madarasa, na hapo sisi ni serikali au chama, kisha, bila kuvuta pumzi, tuwe na subira, tuchangie, tujitokeze kwa wingi, na hapo sisi tayari ni wananchi. Kiambishi hakikubadilika hata herufi moja, na umati umevushwa kutoka upande mmoja wa mto hadi mwingine ukiwa umelala usingizi. Sisemi kwamba huo ni udanganyifu. Mara nyingine ndivyo umoja unavyotengenezwa, na Mwalimu Nyerere aliitumia nafasi hiyo vizuri sana. Ninachosema ni kwamba Mwindonesia akija kutuchunguza ataliona jambo hili siku ya kwanza, ilhali sisi tumeishi nalo bila kuliona, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kusoma lugha za mbali hata kama hutazizungumza kamwe.

Neno wananchi hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Mwaka 2014, Bunge Maalum la Katiba lilipokaa hapa Dodoma, waliotaka Muungano wa serikali tatu na waliotaka wa serikali mbili wote walisema kwa niaba ya wananchi, na kundi lililosusia vikao mwezi wa Aprili lililibeba jina hilo hilo katika kirefu cha UKAWA, Umoja wa Katiba ya Wananchi. Ukilitafsiri kwa Kiingereza, unapoteza nchi iliyomo ndani yake.

Baada ya hayo yote, toka nje ya maktaba. Nilihudhuria mkutano wa kampeni katika kijiji kimoja cha Bahi ambako mgombea, ambaye hakuwa Mgogo, alipanda jukwaani na kuamkia "Mbukwenyi!", na uwanja mzima ukaamka kwa vigelegele. Nikaandika kwenye daftari kwamba lugha ya kabila imetumika kujenga ukaribu, sentensi ambayo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote aliyesoma kitabu kimoja cha isimujamii. Aliyeniokoa ni bibi mmoja aliyekaa karibu nami kwenye kivuli cha mbuyu. Nilimwamkia, nikamwuliza ameuonaje mkutano, akasema, "Mjukuu wangu, huyu ametuamkia Kigogo, maji akayasemea Kiswahili." Nilirudia rekodi usiku ule nikakuta ni kweli tupu. Salamu, utani na pole kwa ukame vilikuwa Kigogo au Kiswahili cha kijijini. Ahadi ya kisima ilikuja na upembuzi yakinifu, mchakato wa zabuni na mwaka wa fedha, maneno ambayo hakuna mtu katika uwanja ule angeweza kumrudishia msemaji na kumdai. Bibi yule hakuwahi kusikia istilahi ya kubadili msimbo, yaani kuhama kutoka lugha moja kwenda nyingine katikati ya mazungumzo, lakini alikuwa ameona pale ambapo msimbo ulibadilika na kwa nini ilikuwa muhimu pale hasa. Tangu siku hiyo kila sura yangu ya uchambuzi huanza na maneno ya wasikilizaji, ndipo yangu yafuate.

Ukipata mfano wa namna hiyo, usikimbilie kuutafutia pacha ng'ambo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba okyeame wa Waakani wa Ghana, yaani yule mtu mwenye fimbo anayezungumza kwa niaba ya chifu, ni sawa na Msemaji Mkuu wa Serikali. Okyeame husimama chifu akiwapo, huyapamba maneno ya chifu kwenda kwa watu na maneno ya watu kwenda kwa chifu, na hivyo humkinga kila upande dhidi ya ukali wa mwenzake. Msemaji wa serikali hufanya kazi yake bosi akiwa ofisini kwake. Wanafanana kwa jina la kazi tu.

Tahadhari kubwa zaidi ni pale lugha inapokuwa moja na nchi zikawa mbili. Nikiwa kwenye semina Nakuru, Kenya, nilisema mezani, kwa nia njema kabisa, kwamba kitambaa kile kina madoadoa, na watu wawili wakatazamana. Kwetu madoadoa ni ya kitambaa, chui au kuku. Katika Bonde la Ufa neno hilo lilitumiwa na wanasiasa kuwataja watu wa jamii nyingine waliohamia, wakiwataka wenyeji wayaondoe, na linabeba kumbukumbu za ghasia za uchaguzi za mwaka 1992 na za 2007 hadi 2008. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ya Kenya iliweka neno hilo katika orodha ya maneno yanayoweza kuchochea chuki. Mwenyeji wangu alinieleza baadaye, taratibu, tukiwa tunatembea kuelekea stendi. Kamusi niliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa sahihi kabisa na isingenisaidia chochote.

Rwanda inafundisha jambo hilo kwa namna ya kutisha zaidi. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, kitenzi cha Kinyarwanda gukora, kufanya kazi, kilitumika, hata kwenye redio ya RTLM, kwa maana ya kuua. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari mwezi Desemba 2003, na ingawa sehemu ya hatia hizo ilitenguliwa katika rufaa ya mwaka 2007, kumbukumbu za kesi hiyo ni darasa zima la namna maneno ya kawaida yanavyoweza kupewa kazi nyingine watu wote wakaielewa bila kuelezwa. Sasa fikiria mtafiti aliye na orodha ya maneno, anayekuta kazi katika "Uhuru na Kazi" ya Tanganyika, katika "Hapa Kazi Tu" ya mwaka 2015 na katika "Kazi Iendelee" ya mwaka 2021, kisha akaikuta gukora kwenye safu ya pili ya jedwali lake. Nimewahi kuliona jedwali la namna hiyo. Nilimwomba mwenye nalo alifute kabla hajamwonyesha mtu mwingine, na ndiyo mara pekee niliyomwambia mwanafunzi afute kazi yake bila majadiliano.

Upo pia ulinganishi mwepesi unaofaa kuanzia kwa mtu asiye na uzoefu. Tanzania humwita rais wake Mama Samia, na Wajerumani walimwita kansela wao Angela Merkel Mutti. Kwa kamusi ni mama na mama. Ila Mutti ilianza kama kejeli ya mahasimu ndani ya kambi yake mwenyewe ya kisiasa na ikalainika baadaye, ilhali kwetu mwanamke mtu mzima ambaye hukumwita mama ndiye ambaye umemkosea. Wiki mbili za kusoma magazeti zinatosha kuandika kurasa ishirini nzuri juu ya jambo hilo.

Mambo ya utekelezaji nitayapitia haraka. Barua ya utambulisho ya chuo hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji, nawe uende nayo mwenyewe ukaamkie kila ngazi badala ya kutuma picha yake kwa simu. Omba ridhaa kabla ya kurekodi mazungumzo ya watu binafsi, na ujue kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usivae kofia wala fulana ya rangi ya chama chochote siku za utafiti. Mimi nilipoteza kijiji kizima kwa sababu ya shati la njano ambalo nililipenda kwa rangi yake tu. Andika tarehe, saa na hali ya hewa kwenye kila ukurasa wa daftari, kwani ahadi ya maji wakati wa kiangazi haina kazi sawa na ahadi hiyo hiyo mvua ikinyesha.

Na punguza mada. Binti mmoja alinijia mwaka jana na mada ya Afrika na Ulaya; akaniamkia, akaketi, na baada ya mazungumzo ya saa mbili akaondoka na kiambishi kimoja, tu-, katika vikao vya vijiji vitatu vya Bahi, na kitabu cha sarufi ya Kiindonesia alichokiazima kwangu. Amekwishasikiliza saa nyingi za rekodi. Wiki iliyopita alinitumia sentensi ya mwenyekiti mmoja aliyekuwa akifunga mkutano wenye ubishi kuhusu eneo la malisho: "Ndugu zangu, tumeamua tukubaliane." Ameniuliza, "Mwalimu, tu ya kwanza ni kina nani, na tu ya pili ni kina nani?" Nimeisikiliza rekodi mara nne, pamoja na kimya kilichofuata na mlio wa kiti kimoja kinachosogezwa, na bado sijamjibu.